Uzi wa Saba Kutoka Juu

Kocha hakubisha hodi. Aliingia, akaitupa raketi juu ya meza ya fundi kama mtu anayerudisha nyama iliyooza buchani, akasimama na mikono kiunoni.

"Hesabu mwenyewe, Mzee. Hesabu kutoka juu."

Fundi wa nyuzi alikuwa mbele ya mashine yake ya mkono, katikati ya raketi ya mtu mwingine. Hakugeuka upesi. Alihakikisha kwanza kibanio kimeshika, akafuta vidole kwenye aproni, ndipo akaivuta ile raketi karibu. Uzi mmoja wa wima ulikuwa umekatika na ncha zake zimejikunja.

"Mashoto wangu alikuwa anaongoza tano kwa nne," kocha aliendelea. "Pointi moja tu achukue seti. Anapiga, pwaa! Uzi umekatika, mpira umekwenda kwa watazamaji, na seti imekwenda nao. Ameshinda mechi, sawa, lakini kwa saa tatu juani, na kesho ana nusu fainali. Sasa tazama hapa. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba. Uzi wa ulalo wa sita umepita juu. Wa saba nao umepita juu, hapo hapo. Ufumaji gani huo? Hata kikapu cha kuku hakifumwi hivyo."

Mlangoni alikuwa amesimama binti wa fundi, ambaye wote pale uwanjani walimwita Mama Pacha, amekumbatia rundo la taulo safi mpaka kidevuni. Aliposikia "saba", taulo zilimwelemea ghafla. Jana alasiri, katika chumba hiki hiki, mikono yake ndiyo iliyokuwa kwenye uzi wa saba refa alipofungua mlango. Aliumalizia harakaharaka bila kutazama, akaruka nyuma, akashika taulo, na baba yake akasogea mbele ya mashine kana kwamba alikuwa pale tangu asubuhi.

Sasa alingoja baba yake aseme lolote. Fundi alipitisha kidole gumba juu ya uzi wa sita, kisha wa saba, akarudi tena.

"Ni kosa langu," alisema. "Nisamehe, kocha."

"Msamaha unafungwa kwenye raketi?"

"Haufungwi."

"Basi kaa nao."

Hayakuwa mashindano makubwa ya tenisi. Yalikuwa ya daraja la pili, wanaume mmoja mmoja, wengine wanapanda na wengine wanateremka, wakikutana katikati ya ngazi na kusukumana. Mashoto alikuwa na miaka thelathini na mmoja na alikuwa anateremka. Akifika fainali wiki hii, pointi zake zingemrudisha kwenye viwanja vikubwa. Asipofika, hata kocha wake alikuwa ameshaanza kutazama vijana wengine. Kwa hiyo hasira ya kocha ilikuwa na sababu, na ndiyo maana Mama Pacha alishindwa hata kumchukia.

Mkurugenzi wa mashindano alifika amevutwa na kelele. Alikuwa mtu wa viatu vyeupe na sauti ya upole, na watu walimwogopa zaidi kwa huo upole.

"Mzee wangu," alisema, "kuna maneno kwamba macho yako yamechoka."

"Maneno ya nani?"

"Ya watu. Hebu nisomee lile tangazo la ukutani."

Kocha akageuka kutazama. Tangazo lilikuwa mbali, na hata Mama Pacha alilazimika kulikazia macho.

"Limeandikwa 'Usivute sigara'," fundi alisema bila kuinua kichwa. "Liko hapo miaka kumi na minne, na wewe ndiye unayelivunja."

Kocha alicheka bila kutaka. Mkurugenzi hakucheka. Alizungusha kitambulisho kilichoning'inia shingoni mwake, akasema polepole, "Kesho nitasimama hapa hapa nitazame. Ukiimaliza siku bila kosa, chumba hiki ni chako, na mwakani pia ni chako. Ukikosea tena, nimeshaongea na fundi mwenye mashine ya umeme. Yuko tayari hata leo." Kisha akamgeukia Mama Pacha kama aliyemwona sasa hivi. "Na wewe dada, taulo zinakaa viwanjani. Humu unafanya nini?"

"Napita tu, bosi."

"Basi pita."

Akapita.

* * *

Jioni walikula kimya, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwenye nyumba yenye pacha wa miaka sita. Pacha wenyewe waliambiwa wakachezee uani, wakaenda huku wakigombana nani ni Mashoto na nani ni mpinzani. Mume wa Mama Pacha, dereva wa gari la mkate, alimtazama mkewe, akamtazama mkwewe, akaona heri aendelee kutafuna.

"Baba," Mama Pacha alisema hatimaye. "Ule uzi wa saba ni wangu."

"Najua."

"Ulijua pale pale?"

"Kwani kuna mtu mwingine anayegusa raketi zangu? Niliendelea pale ulipoachia. Niliupapasa wa saba, nikaufuma wa nane kinyume chake, ukakaa sawa. Sikurudi kupapasa wa sita. Nilikuamini."

Hakusema kwa lawama. Ndiyo maana yalimchoma.

"Kesho namwambia mkurugenzi. Siwezi kusimama na taulo zangu natazama unatukanwa kama mwizi wa kuku."

"Utamwambia nini? Kwamba mtu wa taulo anafuma raketi za watu wa nusu fainali? Pale anayegusa raketi ni yule aliyeandikwa fundi kwenye kitambulisho, basi. Mwingine akigusa wanasema amehongwa na mpinzani."

"Atanifukuza mimi peke yangu."

"Ataanza na wewe. Halafu atauliza kwa nini nilihitaji mtu."

Fundi alikuwa na jozi tatu za miwani kabatini na hakuna hata moja iliyomsaidia. Daktari alimwambia kwamba katikati ya jicho pamekufa, pembeni ndipo panapoona. Kufuma hakukumsumbua, vidole vyake vilijua juu na chini kuliko macho ya wengine. Kilichomshinda ni namba. Mashine yake ilikuwa na kigurudumu kidogo cha kupimia kilo za mkazo wa nyuzi, namba zake ndogo kama sisimizi, na kila mchezaji alikuwa na kilo zake. Huyu ishirini na tatu, yule ishirini na sita. Kilo mbili tu zikizidi au kupungua, mchezaji anajua kwenye mpira wa kwanza.

Kwa miaka minane aliyemsomea ni mkewe. Mama wa watu alikuwa akimletea chakula cha mchana, akakaa kwenye kigoda karibu na mashine, akasema kwa sauti ya mtu anayepiga soga, "Ishirini na tatu na nusu, mume wangu, kama umri wangu." Watu walicheka, wakaona ni mapenzi ya wazee. Hakuna aliyejua kwamba ilikuwa kazi. Alipofariki mwezi wa tatu, mambo ya mazishi yalipokwisha, fundi alimwita binti yake pembeni na kumwambia kitu ambacho hakuwa amemwambia mtu yeyote. Mama Pacha akaomba kazi ya taulo. Alianza kwa kusoma namba. Kufuma kulikuja baadaye, siku raketi zilipozidi.

"Na hivi sasa, Baba," mkwe aliuliza, akijaribu kulegeza mambo, "ukinitazama mimi hapa unaona nini?"

"Masikio."

"Basi umeona sehemu yangu nzuri."

Fundi alicheka kidogo, ile ya puani. Kisha akamgeukia binti yake, kichwa kimeinama upande kama kawaida yake ili ampate kwa pembeni.

"Mashoto anataka ishirini na nne. Asubuhi utapita na taulo, utaniwekea kigurudumu kwenye ishirini na nne, utatoka. Hutasema neno. Umenielewa, mwanangu?"

"Nimekuelewa."

"Sema hutasema."

"Sitasema."

* * *

Asubuhi, mkurugenzi akiwa bado anazunguka viwanjani, alipita, akaweka ishirini na nne, akatoka. Mambo yangeishia hapo kama mpinzani wa Mashoto, kijana mmoja wa mikono mirefu, asingeleta raketi saa tatu akitaka ishirini na saba. Mama Pacha alirudi mara ya pili kubadilisha. Alikusudia kurudi mara ya tatu kuweka ishirini na nne tena. Lakini jua lilikuwa kali, wachezaji walikuwa wanajifuta kila baada ya pointi, na msimamizi wa uwanja alikuwa akimpigia kelele kwamba taulo zimekwisha.

Mashoto alichukua seti ya kwanza na kukata nyuzi za raketi moja. Seti ya pili ilipofika tatu kwa tatu, akakata za raketi ya pili. Alibaki na moja. Mama Pacha aliona kocha akiruka ngazi za jukwaani mbili mbili na raketi mkononi, naye akaacha taulo juu ya kiti cha refa na kumfuata.

Alipofika, kocha na mkurugenzi walikuwa wameshaingia.

"Nusu saa, Mzee," kocha alisema. "Ishirini na nne. Ile aliyobaki nayo imeanza kulika. Ikikatika, tumekwisha. Atachezea nini, sufuria?"

"Dada," mkurugenzi alisema, "wewe kaa nje."

Mama Pacha alitoka mpaka kizingitini, akasimama. Mlango haukufungwa. Aliona baba yake akiibana raketi kwenye mashine, akikata uzi mpya, akipima urefu wake kwa mikono iliyonyoshwa. Yote hayo aliyafanya vizuri. Kisha mkono wake ukaenda kwenye kigurudumu, ukakaa pale.

Fundi alijua kilo ziko ishirini na saba. Alijua anatakiwa kurudi nyuma tatu. Lakini kigurudumu kilikuwa laini kwa miaka mingi ya kushikwa, hakikuwa na mlio wala kizuizi. Alikizungusha kidogo. Akasita. Akakizungusha tena kidogo, akainamisha kichwa upande, kulia, halafu kushoto, kama kuku anayetazama punje. Mkurugenzi alimwangalia bila kupepesa.

Kutoka kizingitini Mama Pacha aliona kishale. Kilikuwa kwenye ishirini na moja.

Akinyamaza, baba yake angekaza nyuzi zote kwa ishirini na moja, Mashoto angepiga mpira wa kwanza ukapaa mpaka barabarani, na hakuna ambaye angeuliza tena habari za macho. Akisema, ndiyo hiyo hiyo. Fundi aliachia kigurudumu, akashika uzi wa kwanza, akaanza kuvuta.

"Baba," alisema. "Hiyo ni ishirini na moja."

Mkono wa fundi ulisimama hewani.

Kocha aliinama juu ya mashine. "Ishirini na moja! Mzee, nimesema ishirini na nne. Huoni?"

"Si nilisema?" mkurugenzi alisema, kwa upole ule ule. "Jana nilisema, mkaona naonea mtu."

"Jana ulisema macho yake ndiyo yaliyokosea uzi wa saba." Mama Pacha alikuwa ameshaingia ndani bila kujua miguu ilimleta saa ngapi. Sauti ilimtoka nyembamba, kama ya mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. "Si macho yake. Ni mikono yangu. Juzi nilikuwa nafuma mimi. Refa aliingia, nikaogopa, nikaukosea. Yeye alichukua kosa langu. Hajakosea hata uzi mmoja, tangu nizaliwe sijamwona akikosea."

"Wewe wa taulo?"

"Mimi wa taulo."

Mkurugenzi alinyosha mkono. Hakusema anataka nini, na haikuwa lazima. Mama Pacha alivua kitambulisho shingoni, kamba ikamnasa kwenye kilemba, ikabidi aihangaikie huku wanaume wawili wakimtazama. Alipokitoa, kilikuwa na unyevu wa jasho. Mkurugenzi alikishika kwa ncha za vidole.

"Anayosema ni kweli," fundi alisema. Alikuwa bado ameielekea mashine. "Na mnayosema ninyi pia ni kweli. Namba sizioni. Huu mwaka wa tisa. Uzi nauona kwa vidole, namba nasomewa. Alikuwa ananisomea mke wangu, siku hizi ananisomea huyu. Nilipaswa kuwaambia. Niliogopa kukaa nyumbani."

Nje, watu walipiga makofi. Haikujulikana ni kwa ajili ya nani. Kocha alichungulia dirishani, akarudi.

"Nne kwa tatu, kijana anaongoza," alisema. "Sasa nani ananifungia hii raketi?"

"Hawa hawafungi tena kitu hapa," mkurugenzi alisema.

"Una mwingine?"

"Atafika kesho."

"Jana umesema yuko tayari hata leo!"

Mkurugenzi alitazama viatu vyake vyeupe. "Ni namna ya kusema tu."

"Kesho mimi nitakuwa stendi na mabegi yangu!" kocha alifoka. "Kesi yenu mtasikilizana jioni, mimi siimo. Dada, unaweza kusoma?"

"Naweza."

"Kufuma?"

Mama Pacha alimtazama baba yake. "Naweza."

"Basi fumeni. Mkikosea nitawatafuta mpaka makwenu."

Mkurugenzi alifikiri, akaona mchezaji asiye na raketi atakuwa aibu yake yeye. "Mkimaliza hiyo," alisema, "mtoe na mashine yenu." Akabaki amesimama.

Mama Pacha aliweka ishirini na nne, akaisema kwa sauti. Fundi alikaza nyuzi za wima, mkono mmoja kwenye mpini, mwingine kwenye kibanio, kwa kasi ambayo kocha hakuitegemea. Kisha akasogea pembeni, akamwachia binti yake za ulalo. Ilikuwa mara ya kwanza Mama Pacha anasimama mbele ya ile mashine mlango ukiwa wazi. Ncha ya uzi ilikataa kuingia tundu la kwanza, akaijaribu tena.

"Taratibu," baba yake alisema. "Leo hakuna wa kufungua mlango. Wote wameshaingia."

Kocha alikohoa, labda kuficha kicheko. Mama Pacha akaingiza uzi. Juu, chini, juu, chini. Kila alipomaliza mmoja, kidole cha fundi kilipita nyuma yake, kikaugusa ule mpya na ule wa kabla yake. Wa tano. Wa sita. Kwenye wa saba kidole kilikawia kidogo, kikaenda na kurudi.

"Endelea," alisema.

Kifundo cha mwisho alikifunga fundi mwenyewe. Kocha aliipigapiga raketi kiganjani, akasikiliza, akaondoka mbio bila kuaga. Dakika ishirini na nane zilikuwa zimepita. Mkurugenzi akanyosha mkono tena, na safari hii fundi alivua kitambulisho chake, cha miaka kumi na minne, akampa. Alikosea kidogo mahali mkono ulipo. Mkurugenzi ilibidi asogee ili akipokee.

* * *

Mumewe alikuja na gari la mkate. Walifungua skrubu nne zilizoishikilia mashine mezani, wakaibeba watatu, wakipumzika kila hatua kumi.

"Hii ni mashine au tembo?" dereva alihema. "Baba, miaka yote hii unafuma au unafuga?"

Waliiweka katikati ya kreti tupu za mkate, wakaifunga kwa kamba. Mama Pacha alifunga mlango wa nyuma, akageuka, akaona baba yake hayupo. Alikuwa ameenda kwenye uzio wa uwanja, upande wa nyuma, ameshika waya kwa mikono miwili. Turubai la kijani lilikuwa limechanika pale, na kwenye mpasuko alikuwa ameweka sikio, si jicho.

Mama Pacha akasimama karibu naye.

"Seti ya tatu," alisema. "Tano kwa tano."

"Anapiga na ipi?"

Alichungulia. "Ile tuliyofunga."

"Tangu lini?"

"Sijui, Baba. Nilikuwa nabeba mashine."

"Nyamaza kidogo."

Mashoto alianzisha mpira. Paa. Kijana akarudisha. Paa. Fundi alikuwa anatikisa kichwa taratibu kila mpira ulipogonga raketi ya Mashoto, na hakutikisa ulipogonga ya kijana. Mama Pacha alifumba macho ajaribu kusikia tofauti, akashindwa. Gemu ilikwenda kwa kijana. Sita kwa tano. Watu wakapiga kelele, refa akawaomba utulivu.

Gemu iliyofuata ilikuwa ndefu. Mara mbili Mashoto alikaribia kusawazisha, mara mbili kijana akamponyoka. Kila mpira wa nguvu ulipopigwa Mama Pacha alingoja ule mlio wa kukatika, na kila mara haukuja. Aligundua ameshika mkono wa baba yake.

Pointi ya mwisho Mashoto alikimbia kushoto kabisa, karibu na uzio, karibu nao kiasi cha kusikia viatu vyake vikikwaruza. Alipiga kwa nguvu zote alizobakiwa nazo. Mpira ulienda chini, ukagonga utepe wa wavu, ukaanguka upande wake mwenyewe.

Makofi yakalipuka. Fundi alingoja yapungue.

"Ameshindwa," binti yake alisema. "Ameshindwa, Baba. Ametoka."

"Nimesikia. Nyuzi?"

Mama Pacha alipachika jicho kwenye mpasuko wa turubai. Mashoto alikuwa anatembea kwenda wavuni kumpa kijana mkono, raketi ikimning'inia ubavuni. Jua lilipita katikati ya nyuzi. Alianza kutoka juu, akahesabu zile alizoweza kuhesabu mpaka Mashoto alipogeuka.

"Nzima."

"Zote?"

"Zote."

Fundi aliachia waya. Viganja vyake vilikuwa na alama za kutu, akavipangusa kwenye suruali, kimoja kimoja, bila haraka.

"Haya," alisema. "Mwambie mumeo awashe gari."